Dukhani ya Rehemah

Pale Arua, katika mtaa wa Wanubi, nyumba ya Sadiya ilijulikana kwa jiko lake. Wanawake wengine walipika chini, mafiga matatu na kuni zao, kuku na watoto wakipita katikati. Sadiya alijenga jukwaa la udongo lililomfika kiunoni, akapanga mafiga juu yake, kisha akazungushia ukingo wa matofali. Na kama hayo hayatoshi, jikoni aliweka mlango, mlango akautia kufuli, na ufunguo ukakaa kwenye pindo la kanga yake. Majirani walicheka mpaka mbavu zikawauma. Jirani mmoja, Zamuda, ndiye aliyekuwa bingwa wa mzaha huo. Kila asubuhi alichungulia juu ya ua akauliza kama mzungu apikaye wima ameamka, kama nyama imefichwa salama. Sadiya alicheka naye. Mtu anayechekwa kwa ajili ya jiko hachunguzwi kwa jambo jingine, na Sadiya alikuwa na jambo jingine.

Jambo lenyewe lilikuwa binti yake wa pekee, Rehemah. Rehemah alikuwa na kifafa.

Hofu ya Sadiya ilimtangulia Rehemah duniani. Sadiya mwenyewe alizaliwa Koboko, na huko alikuwa na dada aitwaye Fatumah, mtu wa kuanguka. Siku moja mchana dada wawili hao waliachiwa chungu cha uji wakikoroge. Fatumah akakauka ghafla, mwiko ukamtoka mkononi, akaangukia motoni. Sadiya, mtoto bado, alikimbia nje akipiga kelele. Watu wazima walikuja mbio, wakafika mlangoni, wakasimama. Povu lilikuwa likimtoka Fatumah mdomoni, na kila mtu Koboko alijua, kama anavyoijua njia ya kisimani, kwamba povu la mtu wa kuanguka likikugusa, nawe utaanguka. Basi walisimama wakimwomba Mungu mpaka mtetemeko ulipokwisha, ndipo wakamvuta. Walikuwa wamechelewa. Sadiya hakuwalaumu, kwa sababu naye hakuthubutu kumgusa dada yake. Lakini tangu siku ile hakuweza kusikia kuni zinalia motoni bila kugeuka kutazama nani yuko karibu.

Aliolewa na Hamuza, mwanajeshi, akahamia Arua. Mwaka wa sabini na moja, wanajeshi walipochukua serikali, mtaa ulipiga ngoma. Waume walipanda vyeo, wake wakapata vitambaa vipya. Hamuza naye alipanda. Mwaka huohuo, ngoma zikiwa bado zinalia, Rehemah alianguka kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka kumi, ameketi kwenye mkeka anasuka. Macho yakapanda juu, mkono ukaanza kuruka, na Sadiya akamwona Fatumah amerudi. Alimfunika mtoto kwa kanga na kumlalia mpaka ikapita, kisha akatazama nje ya ua kama kuna aliyeona. Hakuna aliyeona.

Hamuza alipokuja likizo kutoka Jinja aliambiwa. Akasema kwamba katika nyumba ya mwanajeshi ugonjwa wa namna hiyo haupo. Hakusema kwa ukali. Aliogopa tu, na mwanaume akiogopa hutoa amri. Baada ya miaka michache yeye mwenyewe alikwenda kazini, na habari zake zikaishia huko. Hakuna aliyeuliza. Miaka ile swali lilikuwa kitu cha kumfanya mtu achukuliwe ndani ya gari asirudi, kwa hiyo mtaa mzima ulijifunza kufunga midomo, wajane wakiwa wa kwanza. Sadiya alikuwa amejifunza mapema kuliko wenzake. Alikuwa na siri ya mtoto, akaongeza siri ya mume, akaendelea kusuka.

Walichosuka mama na binti kilikuwa kawa, zile za rangi za kufunikia chakula, ambazo Wanubi huziita tabaga. Kazi ya kusuka haina moto, ndiyo maana Sadiya aliichagua. Rehemah alipokua, vidole vyake viliupita ustadi wa mama yake. Alitia nyekundu kando ya zambarau mahali ambapo mtu mwingine angeogopa, na kawa ikitoka sokoni ilitoka imesifiwa. Hakujua kusonga ugali. Hakuruhusiwa kukaribia hata taa ya mafuta. Watu walisema amedekezwa, mtoto wa kulelewa ndani ya pamba. Rehemah mwenyewe, aliyejua vizuri kwa nini mlango una kufuli, aliwajibu kwamba ni kweli, yeye ni mvivu.

Siku ya siri kuvuja ilikuja sokoni. Rehemah alianguka nyuma ya meza ya kawa, na Sadiya akatandaza kanga mbele kama anayempimia mteja kitambaa. Mtu mmoja tu aliona. Alikuwa Rosina, muuza unga wa muhogo wa meza ya pili, Mkristo wa Logiri, mwanamke mfupi wa maneno machache. Rosina aliacha unga wake, akazunguka meza, akapiga magoti, akamlaza Rehemah ubavu na kumpanguza povu kwa kiganja chake kitupu. Sadiya alitazama kiganja kile kama anayetazama mtu aliyeshika nyoka. Alimwuliza kwa sauti ya chini kama haogopi.

"Kama povu nashika mutu, mimi ningeanguka tangu zamani," Rosina alisema. "Mimi iko na wawili nyumbani. Na jirani iko na mmoja, na dada yangu iko na mmoja. Kwetu kule chini karibu na mto, boma bila mutoto ya kuanguka ndiyo unashangaa."

Sadiya hakuamini. Miaka yote aliyoishi alidhani kifafa kilichagua nyumba ya baba yake kwa sababu ya kosa fulani, kikamfuata yeye hadi Arua kama mbwa anayefuata nyayo. Rosina alimwambia ajionee mwenyewe. Kulikuwa na zahanati ya masista nje kidogo ya mji, na masista walikuwa wametenga siku ya watu wa kuanguka.

Walikwenda. Sadiya alijifunika mpaka machoni, akatarajia kupitishwa mlango wa nyuma kwenye chumba cha giza. Badala yake alikuta uwanja umejaa watu, pengine wengi kuliko siku ya soko. Mzee wa Omugo alikuwa pale, kovu la moto limemshuka kutoka sikioni hadi begani. Mwalimu wa shule alikuwa pale, kofia yake mkononi. Mama wa Kikongo alikuwa na mapacha, mmoja anaanguka na mwenziwe haanguki, na yule asiyeanguka amemshika nduguye shati. Mwanajeshi mmoja, viatu vinang'aa, alitazama chini muda wote. Kulikuwa na vichanga na kulikuwa na vikongwe. Sadiya alijiuliza watu wote hawa siku nyingine wanafichwa wapi, na jibu likamjia mara moja, kwa kuwa yeye alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kando ya ukuta, mbali na wengine, alisimama mwanamke mwingine wa Kinubi, kanga imemfunika kichwa. Macho yao yalikutana kidogo tu. Mwanamke yule akaugeukia ukuta, na Sadiya akageukia upande wa pili.

Sista mwenye miwani alimpa vidonge vidogo vyeupe. Alimweleza kwamba povu haliambukizi mtu, na kwamba ugonjwa huu uko kila mahali, hata kwao Ulaya, ila huku penye mito ya kasi na nzi weusi wadogo wanaouma watu anawaona wengi zaidi, naye hajui kwa nini. Kisha alimshika Sadiya mkono ili asikike vizuri. Dawa hii inamezwa kila siku, alisema, haiachwi wala haipunguzwi ghafla, kwa sababu ukiikata ugonjwa unarudi na hasira.

Ilifanya kazi. Mwezi ulipita Rehemah hajaanguka, ukapita mwingine, ukapita mwaka. Mtu mwingine angefungua jiko akafanya sherehe. Sadiya hakufungua. Kila jioni alimtazama binti yake akimeza kidonge, na kila kidonge kiliposhuka kooni aliona kama amenunua usiku mmoja tu.

Basi mwaka wa sabini na saba ukaleta posa. Kijana aliitwa Nasur, fundi cherehani wa Koboko, mpole, anayecheka kwa macho. Alikuja Arua mara moja kununua kawa ya shangazi yake, akarudi mara ya pili kununua nyingine ambayo hakuna shangazi aliyeihitaji. Rehemah alianza kusuka karibu na mlango. Sadiya aliona, akajifanya kipofu. Kisha shangazi mwenyewe akaja, Hawah, mama wa makamo aliyemlea Nasur tangu alipofiwa na mama yake. Koboko yote ilimjua Hawah kwa mikono yake, maana yeye ndiye aliyetayarisha maharusi.

Mila ina maswali yake. Upande wa bwana huuliza bila haya kama nyumbani kuna ukoma, kuna wazimu, kuna kuanguka. Sadiya alikuwa ameyangoja maswali hayo kwa hofu tangu wageni walipovua viatu. Hawah aliuliza juu ya sala, akauliza juu ya nasaba, akauliza juu ya kusuka. Alipofika mahali pa maradhi alinyanyua kikombe, akanywa chai, akauliza kama mvua za huku zinachelewa. Sadiya alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na binti wa kuozesha.

Usiniambie alikosa akili. Alipima. Akisema, Nasur ataondoka, na neno litatembea kutoka Koboko hadi Logiri, na Rehemah atabaki ndani ya ua ule akisuka mpaka mvi. Asiposema, vidonge vitasema kwa niaba yake kwamba hakuna kitu. Rehemah alimwomba waseme. Alisema hapendi kuingia nyumba ya mtu na mzigo uliofichwa chini ya nguo. Sadiya alimjibu kwa amri, kama Hamuza alivyowahi kumjibu yeye.

Kisha vidonge vikaanza kuadimika. Miaka hiyo kila kitu kiliadimika, sabuni, chumvi, sukari, na watu waliishi kwa magendo. Masista walisema shehena haijafika. Sadiya alikwenda kwa Basile, mfanyabiashara wa Kikongo. Kwao walikuwa wameamriwa kuacha majina ya Kizungu, lakini sokoni Arua yeye alibaki Basile vilevile. Basile aliwahi kumletea dawa kutoka ng'ambo, mara chache, ndani ya magunia ya kahawa. Sasa alitikisa kichwa.

"Mama, njia iko mubaya," alisema. "Askari nafungua hata gunia ya chumvi. Ngoja kidogo."

Arusi haikungoja. Ilikuwa imewekwa kiangazi cha mwaka wa sabini na nane, na Sadiya alipotikisa kopo aliisikia sauti yake jinsi ilivyokonda. Ndipo alipofanya lile ambalo sista alimshika mkono kumkataza. Alichukua wembe akakata vidonge nusu. Alitaka viwafikishe mpaka siku za arusi zipite, mpaka Rehemah aonekane na watu wote akiwa mzima. Baadaye vikionekana vitaonekana, na visipoonekana, atakuwa tayari ni mke wa mtu. Hakumwambia Rehemah. Alimpa nusu ndani ya kijiko cha asali, akasema kidonge kichungu.

Na mbele yao kulikuwa na dukhani.

Bibi arusi wa Kinubi hafuti vumbi tu akaenda kwa mumewe. Huchuliwa kwa unga wenye manukato na mafuta, kisha hukalishwa kwenye moshi. Huchimbwa shimo kwenye sakafu ya chumba, ndani yake huwekwa chungu chenye makaa, juu ya makaa vijiti vya mti wenye harufu. Bibi arusi huketi juu ya shimo kwenye mkeka uliotobolewa katikati, mwili wake umepakwa mafuta, na blanketi nzito humfunika kutoka shingoni hadi chini moshi usitoke. Hukaa hapo akitoka jasho mpaka ngozi yake ibadilike rangi na harufu. Ni jambo la furaha. Wasichana huimba nje, mabibi hutoa mafunzo yasiyosemwa mchana. Kwa Sadiya lilikuwa ni shimo la moto, na juu yake mtoto wake.

Alijaribu njia zote. Alisema binti ana kifua. Alisema kuni za harufu hazipatikani, na Hawah akasema ataleta zake kutoka Koboko. Alisema siku hizi wasichana wa mjini wanaacha mambo haya, na wazee wa kike wa mtaa wakamtazama kama amesema wasichana wa mjini wanaacha kuvaa nguo. Bibi arusi anayekwepa dukhani ana kitu mwilini cha kuficha, walisema, na wakacheka. Sadiya alicheka pamoja nao.

Hawah alifika na kuni zake, akaingia katika chumba cha Rehemah, akachimba shimo kwa mikono yake. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nje wasichana walikuwa wamekwisha kupata sauti. Desturi inasema mama mzazi hakai kwenye dukhani ya binti yake, ni aibu. Sadiya aliingia na kukaa. Hawah alimtazama, akasubiri kidogo kama mtu anayengoja kuambiwa neno. Sadiya hakumwambia neno. Hawah akainama, akapuliza makaa.

Rehemah aliketi. Blanketi ikamfunika, kichwa tu kikabaki nje, uso unang'aa mafuta. Moshi ulijipenyeza ukingoni mwa blanketi, na chumba kikajaa harufu tamu. Sadiya alimtazama binti yake kwenye kope. Alijua dalili, kabla ya kuanguka kope la kushoto lilikuwa linacheza. Kope lilitulia. Rehemah alimtabasamia. Sadiya alihesabu pumzi za mtoto wake, akapotea, akaanza tena. Alisema moyoni: Mungu wangu, leo tu, kisha nichukue mimi. Kila aliposikia kijiti kinalia chini ya blanketi, aliusikia mwiko wa Fatumah ukianguka.

Hawah alisema mafuta yamepungua, akaomba chupa iliyo nyuma ya Sadiya. Sadiya aligeuka akaishika. Hakuchukua muda wa kumaliza kusema bismillahi. Alipogeuka tena, kichwa cha Rehemah kilikuwa kimepinda nyuma, na blanketi ilikuwa inaruka kama kuna mnyama ndani yake.

Mara hii Sadiya hakukimbia nje. Aliruka. Lakini Rehemah alikuwa mzito na amepakwa mafuta, akateleza, akaangukia mbele, na mkono wake wa kulia ukaingia kwenye mdomo wa chungu. Sadiya alimkumbatia kiunoni akavuta. Mikono mingine ilikuwa tayari imefika. Hawah aliushika mkono ule akautoa motoni, akautumbukiza kwenye ndoo ya maji, kisha bila kuhangaika akamlaza Rehemah ubavu, akatia kanga chini ya kichwa chake, akampanguza povu kwa kiganja kitupu. Nje nyimbo zilikatika. Wasichana walisogea mlangoni wakiuliza. Hawah aliufunga mlango kwa mguu.

Sadiya alikaa sakafuni, kichwa cha binti yake mapajani, akilia bila sauti. Alisubiri kusikia matusi. Alisubiri kuambiwa mwizi, mwongo, mwuaji. Alipoinua uso aliona kwamba Hawah naye analia, na kwamba mikono ile haikuwa ya mtu anayefanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza.

"Mama Rehemah," Hawah alisema, "mimi nilikuona kule kwa masista. Wewe uligeuza uso. Na mimi niligeuza."

Sadiya alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa. Alimwona tena yule mwanamke wa kando ya ukuta.

"Nasur iko naanguka tangu mutoto," Hawah aliendelea. "Mimi natafuta nyumba ambayo inajua hii kitu. Nyumba ambayo hapana kimbia. Ndiyo maana nakuja kwako kuposa. Mimi nangoja wewe useme kwanza. Nasema moyoni, leo atasema. Leo atasema. Hata leo, wakati wa kuwasha." Alitazama shimo. "Nilijua, dada. Nilijua, na moto niliwasha mimi."

Makaa yalikuwa bado mekundu. Sadiya aliinuka, akachukua ndoo akayamwagia maji yote, na chumba kikajaa mvuke mweupe. Aliporudi kukaa, aliuliza jambo moja tu, Nasur anameza nini siku hizi. Hawah alifungua mkoba wake wa kuni za harufu. Chini yake kulikuwa na kopo limejaa vidonge vilevile vyeupe. Ndugu yake Hawah alivipata Yei, upande wa Sudan, tangu masista walipoishiwa. Vilikuwepo muda wote Sadiya alipokuwa anakata kwa wembe. Leo vilikuwa ndani ya nyumba moja na wembe.

Sadiya alitaka kucheka na kupiga ukelele kwa pamoja. Alimweleza Hawah habari ya nusu vidonge, polepole, mpaka mwisho, na Rehemah, aliyekuwa ameanza kurudiwa na fahamu, akaisikia pia. Hakumlaumu mama yake. Aliinua mkono wake uliotoka kwenye ndoo akautazama. Ngozi ilikuwa imeachia, na vidole vitatu vilikuwa vimejikunja vyenyewe.

Hawah alisema mlangoni wanangoja. Atawaambia moshi umemzidi bibi arusi, ameanguka kwa joto, jambo hilo hutokea. Alisema kwa upole, kama mtu anayekupa nguo ya kujisitiri. Sadiya aliifikiria nguo hiyo. Ilikuwa nyepesi na ya zamani, na aliijua kila uzi wake.

Arusi ilifanyika, ikachelewa kidogo. Rosina alitoka Logiri akakaa mstari wa mbele, ingawa wengine walinung'unika. Bibi arusi alipakwa hina mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe, na hakuna kitambaa kinachofichika kwenye mkono wa bibi arusi. Wanawake walipojaa ukumbini walinong'ona, wakasukumana, mpaka Zamuda, ambaye kinywa chake hakikuwahi kuwa na kufuli, akauliza kwa sauti kulikoni.

Sadiya alisimama. "Mutoto yangu iko na kifafa," alisema. "Ilianguka kwa moto ya dukhani. Mimi nilificha. Bwana yake pia iko na kifafa. Sasa mnajua."

Aliwaona wengine wakivuta kanga zao karibu na miili yao. Aliwaona wawili wakiinuka na kutoka bila kugusa chakula, na baada yao wengine. Alikaa chini akatazama kawa ya zambarau na nyekundu iliyofunika sinia mbele yake, ya mwisho kusukwa na mkono ule ukiwa mzima, kwa maana vidole vile havikunyooka tena. Hofu haikumtoka siku ile wala baadaye. Sasa alikuwa na watu wawili wa kuhofia badala ya mmoja, na huko Koboko Hawah alikuwa amekwisha kuanza kukanda udongo wa jiko la kusimama.

Vyombo vilipokuwa vinaoshwa, Zamuda alibaki nyuma. Alisugua sinia moja muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Mwishowe alisogea karibu na Sadiya, akatazama huku na huku, akamwuliza kwa sauti ndogo lile jukwaa la udongo alilijenga kwa urefu gani.